MWENDO WA VIUMBE NA VYOMBO

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya jambo alifanyalo kila mmoja wetu tangu alfajiri mpaka usiku, na kwa kulizoea hatulitazami wala hatuliulizi. Nalo ni mwendo: vipi kitu hutoka hapa kikafika pale. Mtu huenda msikitini kwa miguu yake. Samaki huukata mkondo. Kunguru huruka kutoka paa hili mpaka paa lile. Mkokoteni hupita sokoni na mzigo wake. Na meli huingia Kilindini na bidhaa za nchi za mbali. Vyote hivi vyaenda, na ni wachache kati yetu wanaouliza vyaendaje.

Tumelichagua somo hili si kwa kutaka kuwastaajabisha watu tu, ijapokuwa yamo ndani yake ya kustaajabisha. Tumelichagua kwa sababu mwendo una sheria zake, na kutozijua sheria hizo, au kuzijua na kuzipuuza, kwaangamiza roho za watu njiani na baharini. Kisha msiba ukishatokea, twautafutia jina la kuufunika nalo. Jina hilo tutalitazama mwishoni, baada ya kuujua mwendo wenyewe.

Kwanza tuweke msingi. Kila kiendacho, kiwe chenye roho au kisicho na roho, hakina budi na mambo matatu: kitu cha kusukuma, chakula cha kukitia nguvu, na njia ya kusimama. Mwenye kuyashika haya matatu ataweza kumpima mnyama yeyote na mashine yoyote, na ataona ni wapi penye uzuri wake na ni wapi penye khatari yake.

KITU CHA KUSUKUMA

Wengi hudhani kwamba mtu aendapo mbele amejisukuma mwenyewe. Sivyo. Hapana awezaye kujisukuma mwenyewe, kama vile hapana awezaye kujinyanyua kwa kuivuta kanzu aliyoivaa. Atakaye ushahidi na amtazame mtu ashukaye kutoka dauni akaruka gatini. Mtu huenda mbele, na dau hurudi nyuma. Na kama dau halikufungwa, huenda mrukaji akaangukia majini baina ya viwili. Yeye amelisukuma dau nyuma, nalo dau limemsukuma yeye mbele.

Tutembeapo juu ya nchi kavu, hali ni iyo hiyo. Unyayo huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi hutusukuma mbele. Ila ardhi ni kubwa mno hata kurudi kwake hakuonekani. Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, aliieleza kanuni hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1687: kila kisukumacho nacho husukumwa, kwa nguvu iliyo sawa, kuelekea upande wa pili.

Lakini ili unyayo uisukume ardhi, sharti uishike usiteleze. Kushikana huku ndiko kuitwako msuguano. Aliyepita juu ya mawe yenye ukoga wakati wa maji kupwa, au kwenye utelezi wa masika, ajua nini maana ya kuukosa: mguu warudi nyuma, na mwili hauendi mbele, bali waenda chini. Basi msuguano, tuulaumuo kwa kuwa hula viatu vyetu na mipira ya magari yetu, ndio huo huo utuwezeshao kwenda, na tutaona kuwa ndio utuwezeshao kusimama pia.

WAENDAO KWA MATUMBO, KWA MIGUU MIWILI NA KWA MINNE

Katika Sura ya An-Nur, aya ya 45, Mwenyezi Mungu ametaja kuumbwa kwa kila mnyama kutokana na maji, kisha akawataja wale waendao kwa matumbo yao, na waendao kwa miguu miwili, na waendao kwa minne, na kwamba yeye huumba atakacho. Mpango huo ni mwema kwa somo letu, na sisi tutaufuata.

Tuanze na waendao kwa matumbo. Nyoka hana miguu, lakini hakunyimwa cha kusukumia. Magamba ya tumbo lake yamepangwa yakielekea nyuma. Mwili ukienda mbele magamba huteleza, na ukitaka kurudi nyuma magamba hushika. Juu ya hayo huupinda mwili wake, akazisukuma kwa mapindo hayo mawe, mashina ya majani, na kila kilichoinuka ardhini. Kwa sababu hiyo nyoka aliye mwepesi kichakani hutaabika sana juu ya sakafu laini: si kwamba amepoteza nguvu, bali amekosa cha kukishika.

Samaki naye huupinda mwili, na mkia wake huyasukuma maji kando na nyuma. Na pweza, tumjuao sote kwa kumla, ana njia mbili. Akiwa hana haraka hutambaa juu ya mawe kwa mikono yake minane. Akiogopa, huyajaza maji mwilini mwake, kisha huyatoa kwa nguvu kwa mfereji mdogo, naye huruka upande wa pili kama mshale. Ndege ya jeti ipitayo juu ya vichwa vyetu yaenda kwa kanuni iyo hiyo: hunyonya hewa kwa mbele na kuitupa nyuma kwa nguvu kubwa zaidi. Pweza alikuwa akiifanya kazi hii kabla ya binadamu kuiwazia.

Waendao kwa miguu miwili ni binadamu na ndege. Mwendo wa binadamu, ukiutazama sana, ni kuanguka na kujidaka. Mwili huinama mbele kama utakaoanguka, na mguu wa pili hufika kwa wakati wake ukaupokea. Kisha huinama tena, ukapokewa tena. Kwa hivyo mtoto huhitaji karibu mwaka mzima au zaidi kabla ya kuijua kazi hii, na katika kujifunza kwake huanguka mara nyingi. Ndege, aliye na miguu miwili na mabawa mawili, husukuma hewa chini na nyuma kwa mabawa, na hewa humwinua na kumpeleka mbele. Mifupa yake mingi ina uwazi ndani, ili isimlemee. Na mkia wake si pambo: huugeuza aendako, na huutandaza anapotaka kutua. Tulikumbuke neno hili la mkia, maana tutalirudia.

Waendao kwa miguu minne wana faida ya utulivu. Mnyama akienda polepole sana huinua mguu mmoja, na mitatu hubaki chini kama mafiga, na kilichokaa juu ya mafiga matatu hakiyumbi. Miguu yao imelingana na nchi zao. Ngamia ana unyayo mpana utandao juu ya mchanga, kwa hivyo hazami; punda ana kwato nyembamba na ngumu, zifaazo kwenye mawe na njia zilizokazana. Na zaidi ya minne wapo pia. Kaa wa pwani huenda ubavu kwa sababu viungo vya miguu yake hupindika zaidi upande huo, na tandu huipeleka miguu yake mingi kwa mpango mmoja kama wimbi lipitalo.

TANGA, GURUDUMU NA ROKETI

Sasa tuvitazame vyombo alivyovifanya binadamu. Chakula cha punda ni majani, cha gari ni petroli, na cha tanga ni upepo. Kaskazi ivumayo tangu Disemba hata Machi ilivileta vyombo huku kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi, na Kusi ikavirejesha. Mwenye jahazi hakuununua upepo huo kwa senti moja, lakini alilipa kwa kungoja: msimu ukimpita, hukaa mpaka msimu mwingine.

Huenda mtu akauliza: ikiwa tanga husukumwa na upepo, nahodha awezaje kwenda upande utokako upepo? Jawabu ni kuwa chombo hakishikani na hewa tu, bali na maji pia. Upepo ukilipiga tanga kwa mshazari, hutaka kukisukuma chombo kando; lakini mkuku na ubavu wake vyakataa kuyapita maji kwa ubavu, na nguvu ibakiayo hukipeleka mbele. Kwa hivyo nahodha hubisha: huenda mshazari upande huu, kisha hugeuza tanga akaenda mshazari upande wa pili, mpaka akafika. Kuukabili upepo uso kwa uso hapana tanga liwezalo. Ustadi wa nahodha si kuishinda sheria ya mwendo, bali ni kuijua na kuifuata mpaka imfikishe atakako.

Gurudumu ni habari nyingine. Dalili za kale za magurudumu ya magari zilizopatikana zina umri wa miaka 5,500 takriban. Faida yake ni kwamba mzigo, badala ya kuburutwa na kusugua ardhi kwa tumbo lake lote, hubingirika. Tazama mvutaji wa mkokoteni: juu ya lami iliyo sawa huuvuta mzigo uliozidi uzito wake mara kadhaa. Na mpanda baiskeli hutumia, kwa masafa yale yale, karibu sehemu moja ya tano ya nguvu aitumiayo aendaye kwa miguu. Ni vyombo vichache vilivyofanywa na binadamu vilivyo na uchumi kama wa baiskeli.

Lakini uuchukue mkokoteni ule ule uupeleke mchangani ufuoni. Utazama, na mvutaji atamwonea wivu ngamia. Hapa ndipo tupatapo jawabu la swali la watoto: kwa nini Mwenyezi Mungu hakumuumba mnyama mwenye magurudumu? Gurudumu lataka njia, na sehemu kubwa ya dunia ni mchanga, mawe, matope, na misitu. Tena kiungo kizungukacho bila kikomo hakiwezi kuunganishwa na mishipa ya damu isijisokote ikakatika. Hata hivyo, wapo viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambao wana mkia uzungukao kama parafujo. Mwaka 1973 wataalamu walithibitisha ya kuwa mikia ya vijidudu hivyo huzunguka hakika, kwa mtambo mdogo ulio katika ngozi ya kijidudu. Kijidudu cha kipindupindu ni mmoja wao: huogelea majini kwa mkia wa namna hiyo, na kisima kilicho karibu na choo ndicho bahari yake.

Na kwa kuwa gurudumu lataka njia, haifai kuipima mashine peke yake. Ipimwe pamoja na njia yake. Watu wa nchi za Kiarabu na jirani zao waliyajua magari ya magurudumu tangu zama za kale. Lakini katika karne zilizotangulia Uislamu, na kuendelea, waliyaacha kidogo kidogo wakachukua ngamia. Hawakuyaacha kwa ujinga. Ngamia hakutaka barabara ya kutengenezwa wala daraja, wala mbao za kuundia gari katika nchi isiyo na miti mingi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi zaidi. Vivyo hivyo, amchekaye punda wa mji wa Lamu hakuzitazama njia za mji huo, zilizojengwa kwa kipimo cha watu na wanyama. Kwa upande wa pili, anunuaye gari na asijali barabara amenunua nusu ya chombo. Shimo la barabarani, mfereji uliozibwa kwa taka, na daraja lililooza, ni sehemu za gari zilizoharibika, ijapokuwa hazimo garini.

Reli ni njia iliyotengenezwa ikatimia. Ujenzi wa reli ya kwanza ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika ukingoni mwa ziwa, palipo Kisumu, mwaka 1901. Na reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Gurudumu la chuma juu ya chuma hugusana mahali padogo kama sarafu ndogo, kwa hivyo hubingirika kwa wepesi, na injini moja huweza kuvuta maelfu ya tani. Lakini hapana faida isiyo na bei. Chuma juu ya chuma huteleza kwa wepesi pia; kwa hivyo reli haiwezi kupanda kilima kilichosimama, na gari la moshi lenye mzigo, likifungwa breki zote, huenda likapita kilomita nzima na zaidi kabla ya kusimama. Aketiye relini akidhani kuwa dereva atamwona na kusimama, amelitaka jambo ambalo dereva mwenyewe hana uwezo nalo.

Ama ndege ya kufanywa, bawa lake huielekeza hewa chini, na hewa hulinyanyua. Na roketi je, iendayo mahali pasipo ardhi, wala maji, wala hewa? Yasukuma nini? Huchukua cha kusukuma ndani ya tumbo lake: huchoma chakula chake, ikaitupa gesi ya moto nyuma kwa nguvu, na gesi hiyo huisukuma mbele. Watu wa pwani yetu walikuwa karibu na kazi hii. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza kufanywa makusudi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Aliyesimama jukwaani juu ya bahari iliyokuwa ikipitiwa na majahazi aliweza kuona kwamba jahazi na roketi zina sheria moja.

KUSIMAMA

Tumefika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo lisahauliwalo kuliko yote. Watu husifu wepesi wa kwenda. Ni wachache wasifuo wepesi wa kusimama.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika ya kuwa kitu kilichotupwa hakisimami kwa nafsi yake, bali husimamishwa na kikizuiacho, kama vile hewa. Na lau kingekuwa mahali pasipo kizuizi chochote, kisingesimama. Neno hili ni la kutiwa akilini. Mwendo ukishaanza hauna haja ya kuendelezwa. Una haja ya kuzuiwa.

Tena kuna kisa cha Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyefariki mwaka 887. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, amehadithia kwamba Ibn Firnas alijifanyia mabawa, akajivika manyoya, akaruka akaenda masafa ya kutosha hewani. Lakini alipotua aliumia mgongo. Wakasema watu wa zama zake kwamba hakufikiri ya kuwa ndege hutua kwa mkia wake, naye hakujifanyia mkia. Haya ndiyo tuliyoyaahidi hapo mbele. Mtu huyu shujaa alijifunza kutoka kwa ndege namna ya kwenda, akasahau kujifunza namna ya kusimama.

Sasa tulete hesabu, na kila msomaji aihakikishe mwenyewe kwa kalamu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila nukta moja ya saa. Dereva akiona mtoto ameingia njiani, huchukua kama nukta moja kufahamu na kuupeleka mguu kwenye breki. Basi mita 14 zimekwenda, na breki haijaguswa. Kisha, juu ya lami nzuri iliyo kavu, na breki nzima, gari litahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28.

Gari lile lile likienda kilomita 100 kwa saa, wengi watasema kwamba litahitaji mara mbili ya hizo. Sivyo. Katika nukta ya kwanza litapita mita 28. Kisha breki zitahitaji si mita 28, bali mita 56, yaani mara nne. Sababu yake ni kwamba mwendo umezidi mara mbili, na muda wa kuuzuia nao umezidi mara mbili. Na mbili kwa mbili ni nne. Jumla ni mita 84. Mtoto aliyekuwa mbali kwa mita 40 amesalimika kwa dereva wa kwanza, na hana nafasi kwa dereva wa pili. Na barabara ikiwa na maji, au mipira ikiwa imelika ikawa laini, msuguano hupungua, na mita zote hizi za breki huongezeka.

Huenda mtu akasema: mimi si dereva, mimi ni abiria tu. Naye ajue kwamba gari likienda, yeye aenda pia, kwa mwendo ule ule. Na gari likisimama ghafula kwa kugonga, yeye bado aenda, mpaka kitu kimsimamishe. Ama kitakuwa mkanda, ama kitakuwa kioo. Mtu agongaye kitu kigumu akiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Sisi watu wa pwani tunawajua walioanguka minazini, na twajua hali zao. Na kwa kilomita 100, huo ni mnazi wa karibu mita 40, na mnazi wa urefu huo katika mashamba yetu haupo. Basi yule aliyempakia mtoto kwenye bodaboda bila ya kofia ngumu, na dereva akakimbia, amempandisha mtoto huyo juu ya mnazi na kumwambia aachie mikono. Sheria iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 2004, iliyotaka matatu ziwe na mikanda na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, haikutungwa kuwaudhi watu. Ilitokana na hesabu hizi hizi.

Baharini hapana breki kabisa. Meli kubwa ikizimwa injini huendelea kwenda, na hata parafujo yake ikizungushwa kinyume huenda ikapita kilomita kadhaa kabla ya kutulia. Kwa hivyo dau dogo lisitegemee kupishwa na meli mlangoni mwa bandari. Lakini khatari kubwa zaidi ya vyombo vya abiria ni uzito na mahali ukaapo. Manahodha wa kale walitia farumi chini kabisa ya chombo, mawe au mchanga, kwa kuwa uzito ukikaa chini chombo kikilala hurudi kikasimama. Na ukikaa juu, chombo kikilala huendelea kulala. Abiria wakizidi kipimo wakajaa juu, au wakikimbilia ubavu mmoja, wameitoa farumi chini na kuiweka juu ya kichwa cha chombo.

Hatuyasemi haya kwa kubuni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, na watu 272 wakafa, karibu na ufuo waliokuwa wakiuona kwa macho. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa imejaa watu kupita kiasi, ilizama baina ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu wakaangamia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

NENO "AJALI"

Misiba kama hii ikitokea, husikika kila barazani neno moja: "Ni ajali, na ajali haina kinga." Basi tulitazame neno hili. Asili yake ni Kiarabu, ajal, na maana yake ni muda uliowekwa. Na katika dini hutajwa kwa muda wa mwisho wa uhai wa mtu, ambao ni Mwenyezi Mungu peke yake aujuaye, wala hautangulii wala hauchelewi. Kwa maana hiyo, ni kweli kwamba ajali haina kinga, na Muislamu haitii shaka.

Lakini lugha yetu ililihamisha neno hili kutoka maana moja hadi nyingine. Tukaliita ajali lile gari lililopinduka, na tukaliita ajali dau lililojazwa likazama. Na neno lilipohama, hukumu yake ilihama nalo bila ya sisi kufahamu: yale tuyasemayo juu ya muda wa uhai tukayasema juu ya breki mbovu. Muda wa uhai hauna kinga. Breki mbovu ina kinga, na kinga yake ni fundi. Chombo kilichozidishwa abiria kina kinga, nayo ni kuhesabu watu na kuufunga mlango. Tukivichanganya viwili hivi, tutakuwa tumeitumia kadari ya Mwenyezi Mungu kuwa pazia la uvivu wa mja.

Ni mashuhuri katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake, amfunge kisha amtegemee Mungu, au amwache bila ya kumfunga na amtegemee, naye akamwamrisha amfunge, kisha ategemee. Mtu huyo alikuwa na ngamia mmoja. Leo ngamia wetu wana injini, nao hufungwa kwa breki, kwa mkanda, kwa kofia ngumu, na kwa kuhesabu abiria.

Basi kila mmoja wetu ana sehemu yake. Mwenye gari asingoje breki zipige kelele. Dereva ajue kwamba mwendo aliouzidisha mara mbili amezidisha khatari yake mara nne. Abiria akiona chombo kimejaa kupita kiasi, ashuke, angojee kingine. Na wakishuka kumi pamoja, mwenye chombo atajifunza haraka kuliko kwa mawaidha. Mzazi amfundishe mwanawe kuvuka njia kama amfundishavyo kuogelea. Na walimu wa madrasa na wa skuli wasidhani kwamba hesabu ya mita na nukta ni elimu ya dunia isiyo na thawabu. Kila roho iliyosalimika kwa hesabu hiyo ni shahidi wa faida yake.

Nyoka hatambai palipo laini akadai kutambaa, wala ndege hatui bila ya kuutandaza mkia wake. Viumbe hivi havikupewa akili tuliyopewa sisi, na vyaifuata sheria ya mwendo wao bila ya kuivunja. Aliyepewa akili ndiye atakayeulizwa juu yake.

Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.